Viazi Nilivyovilima Mara Mbili

Jumapili moja, baada ya misa, niliingiza mkono mfukoni mwa koti, nikatoa pakiti ya vidonge vyangu na kuiweka katika kiganja cha kaka yangu mkubwa. Hakuniibia wala hakunipora. Alinyoosha mkono tu, nami nikampa. Tulikuwa Kipese, katika kyaghanda cha marehemu baba yetu, ile nyumba ya wanaume ambamo moto hauzimwi na wake huleta chakula mlangoni. Ndugu zangu wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema, "Hapana, yaya," kama tunavyomwita kaka mkubwa, "dawa hizi nitazimaliza kwanza." Ni maneno machache. Sikuyasema. Sasa ni mzee, na kama ningepewa siku moja ya maisha yangu niirudie, singeomba siku ya harusi wala siku ya kuzaliwa mtoto. Ningeomba Jumapili ile.

Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeamka leo na hajui kwa nini miguu yake haitaki kugusa sakafu, na kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, ambao labda wamekwisha kuchoka kumwambia ajikaze. Mimi si munganga, si daktari. Nilisoma mpaka mwisho wa sekondari, basi. Naweza kueleza yaliyonipata, na mengine mpaka leo siyaelewi.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, katika shamba la kahawa, nje kidogo ya Beni. Kapita ndiye anayeamsha watu. Nilikuwa na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi, nikiigonga kwa chuma alfajiri, na aliyefika baada ya mlio kunyamaza nilimrudisha nyumbani. Walinichukia kidogo na kuniheshimu sana, nami niliona hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kulikuwa na mpalizi mmoja, fundi wa kazi yake, ambaye alianza kuja bila kunawa uso, akasimama katikati ya mistari akiitazama ardhi. Nilimwuliza ana nini. Akasema hana kitu. Nikamwambia mtu asiye na kitu anapalilia. Alipozidi, nikamfukuza. Leo namkumbuka kuliko wote niliowaongoza, ila jina lake limenitoka.

Kisha vita. Askari walipita shambani, wakaja wengine, wakarudi wale wa kwanza wakiwa na jina jipya. Mashine ya kukobolea kahawa ilipakiwa ikaelekea mpakani. Mwenye shamba alituaga akisema tumngoje. Hatukungoja sana. Tukahamia Butembo, mimi, mke wangu Kavira, binti yetu mkubwa Masika na wadogo zake. Kavira alianza kuuza mafuta ya mawese kando ya barabara. Mimi nilitafuta kazi, na mwanzoni nilitafuta vizuri.

Siwezi kusema ugonjwa ulianza siku gani. Malaria ina baridi yake na saa yake, unaijua inapobisha hodi. Huu sikuuona ukiingia. Kwanza chakula kilipoteza chumvi, nikamlaumu Kavira. Mshipi wangu ukahitaji tundu jipya, kisha jingine. Nilisikia watu kana kwamba wanaongea nyuma ya ukuta. Niliamka kabla ya jogoo ingawa sikuwa na rimu ya kugonga, nikaketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, na jua likanikuta na kiatu kile kile.

"Baba Masika, iko nini?" Kavira aliniuliza.

"Hapana kitu."

Nilijibu kama yule mpalizi, na hata sikushtuka.

Nilijitibu kwa njia niliyoijua. Nilijinyima chai. Nilijinyima blanketi. Nilioga maji ya baridi alfajiri, na baridi ya Butembo si mchezo. Nilifunga kula siku ambazo Kanisa halikuagiza. Kila jambo lilipouma zaidi nilidhani ndipo dawa inapoingia. Niliendelea kukonda, na Kavira akaanza kunipakulia chakula huku akinichungulia kama mtu anayetazama mkaa kama bado una moto.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa zimeanza aliponipeleka sentre, kile kituo cha afya cha upande wa juu wa mji. Kilikuwa na baraza ndefu yenye mabenchi. Benchi la kwanza lilikuwa la akina mama na watoto wachanga, la pili la macho na meno, na la mwisho, karibu na mlango wa bluu, lilikuwa la watu kama mimi, wagonjwa wa mawazo. Kila mtu mtaani alijua mlango wa bluu. Niliketi kwenye benchi la meno na kushika shavu.

"Pole, kapita," alisema mtu mmoja ambaye shavu lake lilivimba kweli. Alikuwa Hamisi, dereva wa lori, Mwislamu wa Beni aliyekuwa akija kupakia kahawa yetu zamani. "Ni ya chini ao ya yulu?"

"Ya chini."

"Ile njo mubaya, ndiyo mubaya kabisa. Ya yulu inaumaka na heshima kidogo."

Kavira aligeuza uso asicheke. Jina langu lilipoitwa kutoka mlango wa bluu, Hamisi alitazama mlango, akatazama shavu langu, kisha akasema polepole, "Haya, uende. Jino yako iko mbali kidogo." Hakumwambia mtu yeyote. Kwa mji kama wetu, huo ulikuwa wema mkubwa.

Ndani alikuwamo mama enfermye, muuguzi mnene ambaye miwani yake ilishikizwa na uzi. Aliniuliza habari za usingizi, za chakula, za choo, na kama nimewahi kutamani nisiamke. Swali la mwisho nililijibu nikiangalia dirisha. Kisha akataka kujua ninafanya nini ili nipone. Nilimweleza habari ya maji ya baridi na kufunga. Nilieleza kwa fahari.

"Donc, basi, unajiazibu," alisema.

"Najikaza, mama."

"Mutu ya ugonjwa ya mapafu akijikaza, mapafu inapona?"

Niliangalia dirisha tena.

"Kujikaza iko muzuri," alisema. "Utajikaza kumeza hii kila siku, ata siku yenye unaona haina kazi. Haitafanya mbio. Na usiiache wewe mwenyewe. Ukitaka kuiacha unakuja hapa, tunaiacha pamoja, polepole."

Vidonge vilikuja na mambo yao. Mdomo ulikauka kama nimelamba unga. Choo kiligoma. Mchana nilisinzia nikiwa nimekaa, na watoto walijifunza kupita mbele yangu kwa vidole vya miguu. Wiki za kwanza nilikuwa mgonjwa kama zamani, na juu yake nikawa na kiu. Kavira alinipa kidonge kila asubuhi, akasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha akajitwika ndoo ya mafuta na kwenda. Tulirudi sentre mara ya pili, na mara ya tatu. Mvua zilikuwa zinaisha. Asubuhi moja nilipita karibu na nguo alizokuwa ameanika, nikasikia harufu ya sabuni, harufu ya kwanza baada ya miezi. Nilisimama hapo kama mtu aliyeitwa. Nilipomweleza, Kavira alikaa chini kwenye jiwe la mlangoni, akalia kidogo, halafu akaniambia nisimcheleweshe, wateja wanangoja.

Ndipo Paluku, kaka yangu mkubwa, aliposhuka kutoka Kipese. Lazima nimtendee haki. Baba alipokufa nilikuwa bado mdogo, na ni Paluku aliyenisomesha kwa mgongo wake, akibeba viazi mpaka soko la mbali ili mimi nikae darasani. Alifika kwetu mchana. Alimkuta mke wangu barabarani na mafuta, na mimi kitandani. Alikunywa maji, akatualika kwenye misa ya kumkumbuka baba, akarudi. Nafikiri alilia njiani, lakini hilo sikuliona.

Tulipanda Kipese mimi na Kavira. Baada ya misa wanaume tuliketi katika kyaghanda.

"Mudogo yangu Kakule," Paluku alianza, "batu bananiuliza: Kakule alikuwa anaamusha batu shamba muzima, leo nani anamuamusha yeye?"

Wengine walicheka. Mimi pia nilicheka.

"Iko mugonjwa, shemeji," Kavira alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi, kwa sababu mwanamke haingii ovyo humo.

"Mugonjwa ya nini? Homa?"

"Hapana homa."

"Kidonda?"

"Hapana."

"Alors, ni nini?"

"Ya mawazo. Mama enfermye alisema ..."

"Mama enfermye analimaka wapi, fasi gani?"

Walicheka tena. Kavira hakucheka. Paluku alipunguza sauti, na hapo ndipo aliponishika, kwa sababu alisema kwa upendo. "Kwetu mutu hafi na huzuni. Anakufa na njaa, ao na risasi. Baba alizikaka batoto, na kesho yake alikuwa mu shamba. Kazi njo ilimuponyesha. Sasa weye, mutoto yake, unatembea na huzuni mu mufuko kama pipi?"

Hakuna aliyeuliza baba alikuwa anafanya nini kule shambani siku ile, kama alikuwa analima au analia. Mimi mwenyewe sikuuliza.

"Musimu moja tu," Paluku alisema. "Ukae hapa, ulime musimu moja bila ile dawa. Ukishindwa, nitakurudisha Butembo mi mwenyewe."

"Baba Masika, sema," Kavira aliniambia. Nilimsikia vizuri. "Sema basi."

Nilitoa pakiti.

Niseme nilichokuwa nawaza, maana ndilo kosa lenyewe. Niliona kumeza kidonge ni kuegemea, na kuacha ni kusimama. Niliona nidhamu ni kukataa kusaidiwa. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupata nafuu, nikadhani nafuu ile ni yangu, nimeitoa ndani yangu mwenyewe, na kidonge kinajisifu tu. Kavira alishuka Butembo peke yake kesho yake. Paluku alivitupa vidonge chooni. Alifanya hivyo mbele yangu, bila ubaya, kama mtu anayetupa pombe ya mlevi.

Siku za kwanza kichwa kilirukaruka kama redio inayotafuta stesheni. Niligeuza shingo na macho yakachelewa kufuata. Niliota ndoto ndefu zenye watu wote wa shamba la kahawa wakinisubiri nigonge rimu. Kisha hayo yakapita, nikaanza kulima.

Mashamba ya Kipese yako kwenye miteremko, unalima ukiwa umeinamia mlima kama unauambia siri. Asubuhi ukungu unakaa mpaka umande umelowesha suruali hadi magotini. Baba alituachia sheria: mwanamume asiyeshika jembe siku ile hakai na wenzake kula katika kyaghanda. Kwa hiyo kila jioni kila mmoja wetu alijua mwenzake amelima wapi na kiasi gani. Hakuna aliyepima kwa kamba. Macho yalitosha.

Na mimi nililima. Hili ndilo linalowashangaza watu ninapowasimulia. Wanafikiri mgonjwa wa namna hii analala tu. Nililala Butembo, kweli, lakini Kipese nilikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Jembe lilipanda na kushuka na mimi sikuwemo. Mikono ilipata sugu, mgongo ukanyooka, uso ukaungua na jua la milimani. Ndani hapakuwa na mtu. Nilikuwa sisikii njaa, nilikuwa sisikii uchovu, na kwa kuwa sikusikia uchovu sikuwa na sababu ya kusimama. Jioni walinipa nafasi karibu na moto.

"Munaona?" Paluku alisema. "Jembe ni munganga."

Nilimwamini. Nilijitazama mikono, nikasema mikono ya mtu mgonjwa haiwi hivi. Sasa kama sikuwa mgonjwa, kile kilichokuwa kinanifanya nitazame kamba ya mbuzi kwa muda mrefu kilikuwa nini? Sikujua. Nilidhani ni dhambi. Nikaongeza kulima.

Nikawa mfano. Siku moja alikuja mwanamke kijana kutoka upande wa Luofu, ambaye mume wake aliuawa njiani, akiletwa na mama mkwe wake. Alikuwa haongei tena, hamnyonyeshi mtoto vizuri. Paluku aliniita nimpe neno. Nilisimama mbele yake na jembe begani, nikamwambia aamke kabla ya jogoo, aoge maji baridi, asikae kivulini, asijihurumie. Alinitazama mara moja tu. Mama mkwe alinishukuru sana. Sijui yule mwanamke alifikia wapi. Nimeuliza watu wa Luofu miaka mingi, hakuna anayemkumbuka, au hawataki kuniambia.

Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Habari za Butembo zilifika kwa vipande: wamepora soko, wamechukua vijana, wameondoka, wamerudi. Kavira alinitumia salamu kwa watu wawili ambao hawakuonana, na salamu zenyewe hazikufanana. Tulipanda viazi. Mvua zikanyesha vizuri mwaka ule, udongo ukafunga, machipukizi yakatokeza.

Siku Kavira alipokuja, nilikuwa shambani toka alfajiri. Alipanda mteremko na viatu mkononi. Lori la Hamisi lilikuwa barabarani chini likipakia kabichi.

"Baba Masika."

Niliendelea.

"Baba Masika, uko nafanya nini?"

"Nalima."

"Hapa nani alipanda?"

Nilitazama chini. Miguuni pangu kulikuwa na viazi vya mbegu vilivyokatwa na jembe langu, vyeupe ndani, na machipukizi ya kijani yamelala juu ya udongo. Nyuma yangu mistari mizima ilikuwa hivyo, kutoka nilipoanzia. Mimi ndiye niliyeipanda. Nilikumbuka kuipanda. Sikukumbuka kwa nini nilikuwa naipindua.

Kavira hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaokota viazi viwili au vitatu, akaviangalia. Paluku alikuwa amekwisha kuona kutoka upande wa pili, akaja mbio.

"Ni kuchoka," alisema. "Iko nafanya mingi, anajichanganya. Wala si neno, tutapanda tena."

"Shemeji," Kavira alisema, "mutu anapindua chakula ya batoto yake mwenyewe, na weye unaona ni kazi?"

Kavira akanigeukia. Alisema Butembo imemshinda, anakwenda Kamango kwa dada yake, kule mpakani, afanye biashara ya chumvi na sabuni. Watoto wanangoja kwa jirani, na mizigo imefungwa. Hamisi atawapeleka hadi Beni, na kutoka hapo watapata njia. "Unapanda lori sasa. Tunapita kwa mama enfermye, tunachukua dawa. Halafu tunaenda sisi wote."

"Kamango nako kuna risasi," nilisema.

"Fasi gani haina?"

"Musimu haujaisha."

Nilisema hivyo. Sauti yangu, midomo yangu. Nimejaribu kuikumbuka sura yangu wakati ule, na siipati.

"Weye ni mume yangu ao ni wa hii shamba?"

"Nipande kwanza hivi nilivyoharibu. Nikimaliza nitakuja."

Hamisi alikuwa amepanda nusu ya mteremko, anahema, kofia yake mkononi. "Kapita, ingia tu mu lori," alisema. "Mule hakuna benchi. Utakaa penye unapenda, ata kwa yulu ya kabichi." Alijaribu kutabasamu. Nilirudi kwenye mstari.

Kavira alikuja nyuma yangu. Kisha akasema, si kwa hasira, "Ugonjwa yako haikunichokesha. Kuomba ruhusa kwa jembe njo kumenichokesha." Nilisikia hatua zake zikishuka. Baadaye nikasikia lori likiondoka. Nilikuwa nazika kiazi kilichokatwa, nikikishindilia kwa mkono.

Havikuota vile. Kiazi kilichokatwa vibaya kinaoza tu.

Kabla mavuno hayajafika nilianguka. Hapana, sikuanguka, neno hilo si sahihi. Asubuhi moja jembe lilikuwa pale mlangoni na mimi nilikuwa kitandani, na kati yetu hapakuwa na njia. Paluku aliniita kutoka nje. Aliingia akafoka. Alinimwagia maji. Sikukasirika, nilitazama tone linavyoshuka kwenye blanketi. Siku zikawa hivyo. Niliacha kula, kisha niliacha kuongea. Kulikuwa na mawazo ambayo sitayaandika hapa. Anayeyajua anayajua, na ninamwomba amtajie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua, hata kama ni kwa maneno mabovu. Mimi nilimtajia Paluku. Aliketi kando ya kitanda. Mikono ile iliyobeba viazi vya karo yangu ilikuwa juu ya magoti na haikujua pa kwenda.

"Nilizani nakusaidia," alisema.

"Najua, yaya."

"Mi sikujua."

"Mimi pia."

Barabara ilikuwa imefungwa tena. Walinibeba kwa tipoyi, kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, na Paluku alishika mti wa mbele njia yote, hakukubali kupokewa. Butembo alikaa nami kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa bluu, miguu yake ikiwa bado na udongo wa Kipese. Mtu mmoja wa kwetu alipita akamwuliza amekuja kutibiwa nini. "Tumekuja kwa ule mulango," Paluku alijibu, akaunyoshea kidole, na yule mtu akaenda zake.

Mama enfermye alinitambua. Hakunigombeza. Aliuliza niliacha dawa lini, akasafisha miwani. Alisema safari hii itachukua muda zaidi. Vidonge vile vya kwanza havikunishika tena, akanipa vingine, hivyo vikanivimbisha uso na kunitia jasho, akabadili tena. Nilikaa kwa binamu yetu mjini. Mavuno yalipita, wakapanda, yakapita mengine. Kila mwezi nililetewa kikapu cha maharagwe kutoka Kipese, na juu ya maharagwe kila mara kulikuwa na kitu kidogo: limau, yai lililofungwa kwenye jani, kipande cha sabuni. Paluku hakutuma neno. Alituma vile.

Watu huniuliza kama nidhamu haina kazi basi. Ina kazi. Kumeza dawa mwezi mzima huku huoni faida ni nidhamu. Kunawa uso siku ambayo uso ni mzito kama jiwe, kutembea mpaka kwenye kona na kurudi kwa sababu mama enfermye alisema kona, si zaidi ya kona, hiyo nayo ni nidhamu, na ngumu kuliko jembe. Lakini nidhamu ni mkono, haiwezi kujibeba yenyewe. Au sivyo. Nimeandika sentensi hii na kuifuta mara kadhaa. Baba yangu alizika watoto akaenda shambani, na aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sijui hata leo kama alipona au alilima tu. Labda jembe humfaa mtu mwenye huzuni, na mimi sikuwa na huzuni, nilikuwa na ugonjwa. Nikiwa ndani yake sikuweza kutofautisha, na waliokuwa nje hawakuweza pia. Ndiyo maana nasema mwulize anayejua, na usimkabidhi mwingine kidonge chako.

Niliporudi kuwa mtu, nilikwenda Kamango. Njia ilikuwa imepoa kidogo. Nilikuwa nimenunua kitenge. Niliwakuta sokoni, chini ya turubai, Kavira akiuza chumvi na sabuni za ng'ambo. Binti mrefu alinitazama, akaingia ndani ya nyumba ya nyuma, akaniletea kiti. Alikuwa Masika. Alikifuta kwa kanga yake kama anavyofanyiwa mgeni.

"Karibu, papa," alisema, akasimama. Wadogo zake walinisalimia mmoja mmoja, wakarudi kazini.

Nilipewa chakula, nikala. Kilikuwa na chumvi, nikakisifu. Kavira alingoja nimalize.

"Umepona," alisema.

"Nimepona."

"Nafurahi. Kweli nafurahi."

"Nimekuja kuwachukua."

Alitazama sokoni. Mteja alikuja, akamhudumia, akarudi. "Nilikungojea siku mingi," alisema. "Kila lori. Halafu nikajifunza kutongoja, na ile njo ilikuwa ngumu zaidi. Siwezi kuianza tena."

"Ulikuwa ugonjwa, Kavira. Si mimi niliyesema musimu haujaisha."

"Pengine. Ata mi najiulizaka. Ile ya shamba sikuwekei kinyongo." Alikunja kitenge nilicholeta, akakiweka juu ya magoti yangu, taratibu. "Lakini siku ulitoa dawa kwa Paluku, ulikuwa umeanza kupona. Nilikuambia sema. Siku ile ulikuwa weye."

Nilirudi Butembo na kitenge kile.

Paluku alikwisha kufariki, na nilimlilia kama baba. Simlaumu. Mkono wake ulikuwa mtupu mpaka mimi nilipoujaza. Kwa kutoa vidonge vile nilipoteza mke ambaye alikuwa amenipeleka sentre kwa mkono wake, na watoto wangu walikulia katika nyumba ambayo mimi ni mgeni wake. Kavira yuko Kamango, anaendelea vizuri. Mimi naishi Butembo, nina afya, na jioni ninakula peke yangu.